Sura ya 6: Jeti ya Bugarama

Ilikuwa saa nane mchana, Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, jua la tambarare ya Imbo limekaa utosini. Motari mmoja, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, aliegesha pikipiki mbele ya kibanda cha fundi, akaivuta kwenye stendi, na salamu hata haijajibiwa akasema:

"Mzee, nibanie mafuta."

Fundi alikuwa anasugua pleti za klachi kwenye karai la dizeli. Hakuinua kichwa. "Ina shida gani?"

"Haina shida. Inakunywa tu. Nimelala foleni siku mbili kwa lita kumi, na hizo kumi hazinivushi wiki."

Asiyeijua Bujumbura ya miaka hii atadhani kijana anatia chumvi. Burundi haina bahari. Esansi, kama tunavyoiita petroli hapa, huja kwa malori kutoka pwani, hasa kupitia bandari ya Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa uhaba umekuwa ukija na kuondoka, mpaka watu wamezoea kulala kituoni au kununua kwa chupa mafuta yaliyovushwa kutoka Uvira, upande wa Kongo. Lita ikiwa ngumu kiasi hicho, motari ana haki ya kuuliza kila tone linakwenda wapi.

Fundi alifungua kabureta, akatoa bakuli la chini, akafungua jeti kubwa, akaipangusa na kuiinua kwenye mwanga. Ilikuwa namba 110. Akachakura kopo la maziwa ya unga lililojaa jeti za pikipiki zilizokwisha kufa, akaibuka na 105. Nusu saa baadaye motari aliondoka anacheka.

Wiki tatu baadaye alirudi anasukuma. Ekzosi ilikuwa imegeuka bluu pale inapotokea kwenye silinda. Plagi, au buji kama wanavyosema wengi hapa kwa kufuata Kifaransa, ilikuwa nyeupe kama chokaa. Alikuwa anapanda mlima wa Kiriri na abiria mwenye mfuko wa saruji. Injini ikaanza kugonga, ikaishiwa nguvu, ikazima.

Sura hii inahusu kilichotokea kati ya 110 na 105. Namba tano tu, tena kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha. Lakini ukipiga hesabu utaona kwamba fundi alimfungia kijana jeti inayofaa kilele cha Bugarama, kisha akamwacha aendelee kufanya kazi kando ya ziwa.

Hewa ndiyo inayoita mafuta

Wengi huidhania kabureta kuwa bomba: ukifungua zaidi mafuta yanamwagika zaidi, ukibana unaokoa. Sivyo inavyofanya kazi. Injini hainyonyi mafuta, inanyonya hewa. Hewa hiyo ikipita kwenye koo jembamba la kabureta huongeza mwendo, na shinikizo lake hushuka. Chini, kwenye bakuli, mafuta yanasukumwa na shinikizo la hewa ya nje. Kwa kuwa juu kuna shinikizo dogo na chini kuna kubwa, mafuta hupanda kupitia tundu la jeti na kunyunyizwa ndani ya hewa inayopita. Daniel Bernoulli aliieleza kanuni ya mwendo na shinikizo mwaka 1738, Giovanni Battista Venturi akaeleza tabia ya koo jembamba mwaka 1797, na mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, wakasajili kabureta ya kunyunyiza. Mjerumani Wilhelm Maybach alitoka na yake mwaka huohuo. Kabureta iliyofunguliwa juu ya gunia Buyenzi ni mjukuu wa hizo.

Kwa hiyo jeti ni kipimo cha ndoa kati ya hewa na mafuta. Ili petroli iungue yote bila kubakiza kitu, kila kilo 1 inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Injini inayovuta mzigo kwa nguvu zote hutaka mafuta zaidi kidogo, kilo 1 kwa kilo 12.5 hadi 13 za hewa. Ziada hiyo haipotei bure. Mafuta yanapogeuka mvuke hunyang'anya joto, na pikipiki zetu nyingi zinazopozwa kwa upepo huitegemea ziada hiyo zinapopanda mlima taratibu na upepo ni mchache.

Mchanganyiko wenye mafuta mengi tutauita mzito, na wenye hewa nyingi tutauita mwepesi. Mzito hutoa moshi mweusi, hunukia petroli na huchafua plagi kwa masizi. Mwepesi hukohoa unapofungua akseleta, hupasuka pasuka kwenye ekzosi unapoiachia, na hupasha injini moto. Pikipiki ikiwa nzito inakula pesa zako. Ikiwa nyepesi sana inakula injini. Shikilia tofauti hiyo, maana hukumu ya mwisho ya sura hii imesimama juu yake.

Kuna atakayeuliza kama kabureta bado ina maisha. India ilianza kudai viwango vipya vya moshi, BS6, Aprili 2020, na pikipiki nyingi zinazouzwa kule zikahamia mfumo wa kompyuta unaopima hewa wenyewe. Lakini TVS na Bajaj nyingi zilizoko katika barabara za Afrika Mashariki bado zinatumia kabureta, na kabureta haina wa kuipimia hewa isipokuwa mtu.

Milango minne

Kosa la kwanza la siku ile Buyenzi halikuwa namba. Fundi aligusa mlango usiotumika.

Ndani ya kabureta moja mna njia nne za mafuta zinazopokezana kadiri akseleta inavyofunguka. Akseleta ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo sana, mpaka sehemu moja ya nane, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko iliyo ubavuni. Kutoka hapo mpaka robo, kinachotawala ni umbo la mkato ulio chini ya kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya koo. Kutoka robo mpaka robo tatu, mwenye neno ni sindano: fimbo iliyochongoka inayoning'inia ndani ya tundu lake, ikipanda inaachia nafasi, ikishuka inaziba. Jeti kubwa hushika usukani mwishoni tu, kuanzia robo tatu mpaka akseleta imefika mwisho. Njia hizi huingiliana kidogo mipakani.

Sasa mfuate motari wa Bujumbura kutwa nzima. Anazunguka Kamenge, Musaga, akikwepa mashimo na kusimamishwa na abiria kila baada ya mita mia chache. Tangu Machi 2022, serikali ilipoziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya mji, safari zake zinaanzia na kuishia pembezoni. Katika yote hayo akseleta yake iko kati ya robo na nusu. Jeti kubwa inakaribia kuwa likizo. Ukiipunguza, katika mwendo huo hutaona akiba ya maana. Zitakazobanwa ni zile dakika tano za kupanda Kiriri na mzigo, akseleta imefunguliwa yote, wakati ambao injini inahitaji mafuta ya ziada kuliko wakati wowote.

Kujua unatumia mlango gani hakuhitaji mashine. Chukua utepe wa gundi, bandika kipande kwenye mpira wa akseleta na kingine kwenye kasha lake lisilozunguka. Akseleta ikiwa imefungwa, chora mstari mmoja unaopita juu ya vyote viwili. Fungua mpaka mwisho, weka alama ya pili kwenye kasha mkabala na ule mstari wa kwenye mpira. Gawanya nafasi iliyo katikati: robo, nusu, robo tatu. Endesha siku moja ukiitupia jicho. Pikipiki ikikohoa, angalia mstari uko wapi, na utajua ni nani wa kuulizwa kati ya jeti ndogo, mkato, sindano na jeti kubwa. Kazi ya dakika tano hukuepusha na wiki ya kubahatisha.

Namba na tundu

Namba iliyochongwa kwenye jeti si lugha moja kwa watengenezaji wote. Keihin wa Japani hutumia namba ya upana wa tundu: jeti 110 ina tundu la milimita 1.10. Mikuni, Wajapani wengine, wana jeti nyingi ambazo namba yake inatokana na kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Kwa hiyo 110 ya huyu si 110 ya yule, na anayechanganya makopo mawili amejitafutia kitendawili. Nakala za Kichina, kama zile za PZ27 zinazofungwa kwenye pikipiki nyingi zenye injini ya mtindo wa Honda CG125, hufuata umbo la Keihin, lakini usahihi wa tundu hutegemea kiwanda. Jeti mbili zenye namba moja zinaweza zisifanane.

Hebu tupige hesabu ya motari wetu, tukichukua kwamba jeti yake ni ya kupimwa kwa upana. Kutoka 110 hadi 105 inaonekana kama kupunguza chini ya asilimia 5. Lakini mafuta hayapiti kwenye upana, yanapita kwenye uwazi wa duara, na uwazi hukua kwa upana mara upana. Zidisha 105 kwa 105, gawanya kwa 110 mara 110. Unapata 0.91. Uwazi umepungua kwa asilimia 9.

Kuna mbinu nyingine ya kubana ambayo utaiona chini ya miti ya mafundi wa Afrika Mashariki nzima: uzi mmoja wa waya wa umeme unapitishwa ndani ya jeti, unakunjwa, mambo yamekwisha. Uzi wa milimita 0.3 ndani ya tundu la milimita 1.1 unakula uwazi kwa asilimia 7 na kitu. Hauna namba, anayenunua pikipiki hiyo baadaye hajui umo, na siku ukichomoka nusu unaziba njia yote.

Kinyume chake ni yule anayezibua jeti chafu kwa sindano ya kushonea au waya wa breki. Jeti ni ya shaba, chuma kinaikwangua. Kila akizibua anaongeza tundu, na baada ya miaka miwili jeti iliyoandikwa 110 haina tena tundu la 110. Jeti huzibuliwa kwa petroli safi na pumzi ya pampu, ikigoma hulowekwa, ikigoma tena hununuliwa nyingine.

Mji chini ya ukuta

Sasa turudi kwenye jina la sura.

Ziwa Tanganyika liko kama mita 774 juu ya usawa wa bahari, na Bujumbura imeketi kandokando yake. Barabara ya Taifa namba 1 ikitoka mjini haina muda wa tambarare. Inaingia mlimani papo hapo, inajikunja na kujikunjua mpaka kwenye mgongo unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, na baada ya kilomita thelathini na kitu uko Bugarama, kama mita 2,200. Ndiyo barabara ya wale vijana wa baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa kama mawe yaliyoachiwa, kisha wanarudi juu wakiwa wameshika mkia wa lori. Ukishuka nayo masikio yanaziba. Hewa imebadilika, na kabureta yako imepita hapohapo bila masikio.

Kwa kipimo cha hewa ya kawaida, uzito wa hewa ya Bujumbura ni kama asilimia 93 ya ule wa Dar es Salaam. Wa Bugarama ni kama asilimia 80. Basi kutoka ziwani hadi Bugarama, kila pumzi ya injini inapungukiwa na hewa kwa asilimia 13 hivi. Lakini hewa ikiwa nyepesi, nayo inavuta mafuta kwa unyonge, kwa hiyo kabureta hujirekebisha nusu ya njia. Kosa linalobaki ni kama asilimia 7: mchanganyiko unakuwa mzito kwa kiasi hicho. Ili kuuweka sawa kwa anayeishi Bugarama, uwazi wa jeti upungue kwa asilimia 7, yaani 110 ishuke mpaka karibu na 106.

Umeona tulipofika. Jeti sahihi ya mita 2,200 ni 106. Motari wetu, anayepakia abiria kwenye mita 800, alifungiwa 105.

Hesabu hiyohiyo inafundisha mambo mengine matatu. La kwanza, mtu anayeleta pikipiki kutoka pwani na kuambiwa kwamba Bujumbura iko juu sana, lazima abadilishe jeti, anaweza kutulia. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kosa halifiki asilimia 4, namba moja au mbili tu, na pikipiki inayofanya kazi vizuri haina haja ya kufunguliwa kwa sababu hiyo.

La pili linamhusu anayekwenda Gitega na kurudi, na hao wameongezeka tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa. Gitega iko kama mita 1,500. Pikipiki iliyorekebishwa kule mpaka ikanyooka kabisa, ikishuka ziwani inakuwa nyepesi kwa asilimia 3 au 4. Peke yake si msiba. Ikikutana na waya ndani ya jeti, au mpira uliopasuka, ndipo inakuwa msiba.

La tatu ndilo wengi hawapendi kulisikia. Nguvu inayopotea kwenye mlima hairudishwi na jeti. Hewa imepungua kwa asilimia 13, nguvu nayo imepungua kwa kiasi hichohicho, na jeti sahihi inachoweza ni kukuzuia usipoteze zaidi. Anayepanda Bugarama kila siku na mzigo atasaidiwa zaidi na sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu kuliko na kopo zima la jeti.

Kabla ya kugusa jeti

Pikipiki iliyotoka kiwandani inakwenda vizuri, ikabadilika baada ya mwaka, haikubadilishiwa jeti na mtu usiku. Kuna kitu kingine kimeharibika. Fundi mzuri hutafuta hicho kwanza.

Anaanza na filta ya hewa. Kiangazi cha Bujumbura, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la barabara zisizo na lami huigeuza kuwa tofali, na filta iliyoziba hufanya mchanganyiko kuwa mzito. Kisha anaangalia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa ya wizi huingia bila kupita kwenye koo, na dalili yake ni injini inayobaki juu kwa muda baada ya kuachia akseleta. Kisha valvu, kisha plagi, kisha usawa wa boya kwenye bakuli, kwa sababu boya lililokaa vibaya huharibu njia zote nne kwa pamoja.

Katika mji huu, kabla ya hayo yote, aangalie mafuta yenyewe. Esansi iliyosafiri kwenye madumu na chupa za maji huja na wageni. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya bakuli, hapohapo jeti kubwa inaponyonya. Pikipiki hukata ghafla, inapona, inakata tena, na mwenyewe anadhani ni jeti. Legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli na ukinge kwenye glasi au chupa nyeupe. Subiri dakika moja. Maji yakiwemo utayaona yamejitenga chini kama shanga. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haijitengi hivyo, lakini injini itagonga mlimani na plagi itapaka weusi, na hakuna jeti ya kuitibu. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

Wenye injini za kuchanganya oili ndani ya petroli, kama zile nyingi zinazosukuma mitumbwi ziwani, wana sababu ya ziada ya kuogopa kubana. Oili yao husafiri ndani ya mafuta. Anayepunguza jeti anapunguza na ulainishaji.

Kurekebisha, hatua kwa hatua

Yote hayo yakiwa safi na tatizo bado lipo, sasa jeti. Injini iwe ya moto. Badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha viwili kwa mpigo hajui kipi kilichosaidia.

Anza na jeti kubwa. Tafuta barabara tambarare na tupu, kama vipande vya barabara ya Imbo kuelekea Cibitoke alfajiri. Si mteremko wa Bugarama. Fungua akseleta yote kwenye gia ya tatu, kisha irudishe kidogo sana. Injini ikiongeza nguvu unaporudisha, jeti ni ndogo. Ikiwa inanguruma nzito kwa kusuasua na kufunguka vizuri zaidi hewa ikiwa ya baridi, jeti ni kubwa. Ukitaka ushahidi wa plagi, weka mpya, endesha akseleta ikiwa wazi kabisa kwa muda mfupi, kisha kwa wakati mmoja kamata klachi na uzime injini. Ukiiacha irudi kwenye silensa, yaani izunguke polepole akseleta ikiwa imefungwa, plagi itakusimulia habari za silensa, si za mlimani. Kahawia hafifu ni heri, nyeusi yenye masizi ni nzito, nyeupe ni hatari. Panda au shuka namba moja tu kila mara.

Fuata sindano. Juu yake kuna mifereji, mara nyingi mitano, na kibanio kidogo kinachokaa kwenye mmojawapo. Kibanio kikipanda, sindano inashuka na mafuta yanapungua. Kikishuka, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Motari wa mjini anayetaka kuokoa mafuta kihalali, mahali pake ni hapa: mfereji mmoja juu, kisha ajaribu kwa siku mbili. Ikianza kukohoa kati ya robo na nusu, arudishe.

Malizia na silensa. Tafuta kwanza skrubu ya mchanganyiko iko upande gani. Ikiwa upande wa filta, inapima hewa: ukifungua unapunguza uzito. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukifungua unaongeza. Ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa. Ifungue na kuifunga robo robo, ukisubiri kidogo kila mara, mpaka upate pale injini inapozunguka juu zaidi na kwa utulivu. Hapo iache, kisha teremsha mzunguko kwa skrubu ya silensa. Ikiwa mahali pazuri hapapatikani mpaka skrubu ikaribie kufungwa kabisa au kufunguliwa kupita mizunguko mitatu, basi jeti ndogo ndiyo yenye namba isiyofaa.

Na akiba? Ipime, usiihisi. Funga koki, mwaga bakuli, unganisha chupa yenye nusu lita kamili, endesha njia yako ya kila siku mpaka izime, andika kilomita. Rudia siku nyingine. Bila hiyo, kila anayelipia kubanwa mafuta huiona akiba kwa sababu ameilipia.

Kilichokuwa kinakunywa

Siku aliporudi anasukuma, tuliifungua pikipiki ile mpaka mwisho. Valvu ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingoni. Mpira wa kabureta ulikuwa na ufa mdogo, umejificha chini ya klampu, kwa hiyo alikuwa na hewa ya wizi juu ya jeti iliyobanwa. Lakini swali lake la kwanza, mafuta yanakwenda wapi, lilijibiwa na gurudumu la nyuma. Fundi aliliinua na kulizungusha kwa mkono. Halikumaliza hata mzunguko mmoja. Breki ilikuwa inashika muda wote, mnyororo umekauka, na tairi lina upepo nusu. Injini ilikuwa inalipa kodi hiyo kila mita, mwenyewe akashitaki kabureta.

Gharama ya valvu, kazi na siku alizokaa bila kupakia abiria ilizidi esansi yoyote ambayo angeokoa. Alifungiwa 110 yake ileile, iliyokuwa bado ndani ya kopo.

Kwa hiyo, msomaji, hukumu ni hii. Chagua jeti kwa sehemu ya chini kabisa unayopita ukiwa na mzigo, na ukubali uzito kidogo ukiwa juu, kwa sababu masizi husafishwa na valvu iliyoungua haisafishwi. Anayelala Bugarama na kufanya kazi Bugarama, 106 ni haki yake. Wewe wa ziwani, kabla hujamwambia fundi akubanie mafuta, inua gurudumu la nyuma ulizungushe. Na akibadilisha jeti kwa sababu yoyote, mwombe ile ya zamani, ifunge kwenye karatasi, andika namba yake na tarehe, uiweke chini ya kiti.